Probox yala oili vibaya: niifanyie ovahauli au nitafute injini ya mtumba?

Kapu la Kongowea

Salaam aleikum wanamombasa na wengineo. Nauliza wale walioshika spana ama waliotoa pesa mfukoni, si wale wa "nimesikia". Nina Probox, injini 1NZ-FE, manuali, kazi yake ni kubeba mboga na mayai kutoka soko la Kongowea kupeleka hoteli za Bamburi na Shanzu, mara moja moja naenda Mariakani narudi na nyanya. Yaani ni gari ya kazi, ikilala nami nalala njaa. Sasa tangu Ramadhani iishe imeanza kula oili. Mwanzo nikadhani yaliki, nikatandika katoni chini usiku kucha, asubuhi kavu hata tone hakuna. Nikiongeza lita leo, wiki nyengine kijiti cha kupimia oili chasoma chini ya alama. Asubuhi ikiwaka yatoa moshi wa bluu kidogo halafu wapotea, lakini nikikanyaga na mzigo kupanda daraja la Nyali basi bodaboda walio nyuma wanipigia honi huku wamejifunika pua. Nguvu nayo imeshuka, pale nilipokuwa napanda na gia ya nne sai lazima nirudi ya tatu.

Nimeona mafundi wawili. Wa kwanza ndiye ameishughulikia hii gari toka niinunue, asema tuifungue, ringi mpya, beringi, valvu sili, gasketi seti nzima, pamoja na kazi yake jumla 58,000 na gari akae nayo wiki. Wa pili asema hizo ni pesa za kutupa baharini, ovahauli za hapa hazidumu, ana mtu wake auza injini ya kutoka Japani 75,000, kuifunga 10,000, siku mbili natoka na gari yangu. Nikamuuliza waranti je, akanambia "kaka tukiiwasha ikawaka, si ishawaka".

Shemeji yangu ambaye hata baiskeli hana asema niuze. Nyinyi mwasemaje, na sababu tafadhali, si "fanya hivi" tu.

nahodha_likoni

Injini ya mtumba kaka, usijisumbue. Gari ya biashara haifai kulala gereji wiki, na hiyo wiki ya fundi nawe wajua ni wiki ngapi. Ringi zikikosekana dukani asubiri basi la Nairobi, ringi zikifika mtu wa mashini ana msiba, akirudi stima hakuna. Wewe huko wateja wa mayai washampigia mwengine.

Mzee wa Spana

Kapu, ntakwambia kitu na usikasirike. Hao mafundi wako wote wawili wamekuuzia dawa na hakuna aliyekupima homa. Nimesoma maelezo yako yote hakuna pahali umesema kuna mtu ametia geji ya kompresheni, ile ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, kwenye hiyo injini. Mtu atakuambiaje 58,000 na hajui ndani mna nini? Ukiifungua ukakuta silinda zimeliwa hiyo 58 haipo tena, itakuwa themanini na kitu na gari iko juu ya mawe, huwezi kusema sitaki.

Anza na vya bei rahisi. Ile valvu ndogo ya kupumulia injini, yenye mpira unaoingia kwenye menifoldi, ikiziba ama ikikwama wazi injini yaweza kunywa oili na watu wakaanza kuzungumza habari za ringi. Itoe, itikise, isikike yacheza ndani. Bei yake si kitu. Pili, moshi wa asubuhi unaopotea mara nyingi ni valvu sili zimekauka, oili yashuka usiku yakaa juu ya valvu, ukiwasha yaungua imekwisha. Hizo zabadilishwa bila kushusha injini. Lakini moshi unaotoka ukikanyaga na mzigo, hapo nasikitika, hapo ni ringi ama silinda yenyewe, na yako yatoa moshi nyakati zote mbili.

Sasa kompresheni. Mtu asikupime na injini baridi na plagi tatu ziko ndani, hiyo si kupima. Injini ipate moto, plagi zote nne zitoke, injekta na koili zichomolewe soketi, betri iwe na nguvu, mmoja akanyage mafuta mpaka chini huku stata yazunguka. 1NZ nzima husoma kama 210 psi, na silinda moja kwa nyengine zisipishane zaidi ya 14 hivi. Zikiwa zote zimeshuka sawasawa mpaka 170 hiyo ni injini iliyozeeka lakini yafanya kazi. Moja ikiwa imeanguka peke yake hapo kuna jambo. Halafu tia oili kijiko kimoja kwenye ile iliyoanguka upime tena: ikipanda juu, ringi ama silinda. Isipopanda, ni valvu ama gasketi ya hedi, na hapo pengine wafungua hedi tu na chini huigusi. Hii kazi yote haifiki bei ya trei tatu za mayai na ndiyo yakuambia utoe 15,000, 60,000 au 90,000.

La mwisho kuhusu 1NZ ambalo fundi wako wa ovahauli angekuambia mwanzo. Hii si injini ya chuma ya zamani. Bloku ni aluminiamu na ndani mna slivu, yaani mirija nyembamba ya kuta za silinda, za chuma zilizomiminwa pamoja na bloku, Toyota hawakuitengeneza kwa nia ya kuchongwa na kutiwa pistoni kubwa, kitabu chao kasema silinda ikipita kipimo badilisha bloku. Mafundi wa mashini wanazitia slivu, ndio, na wako wanaoijua hiyo kazi, lakini akikosea kidogo tu slivu yahama ama silinda yawa yai, na wewe walipa mara mbili. Kwa hivyo ovahauli ya hii injini yafaa pale silinda ziko kwenye kipimo na kilichochoka ni ringi, sili na beringi. Zikitoka kwenye kipimo, mimi mwenyewe fundi nakwambia tafuta injini nyengine, na pesa yangu ya kazi nakosa.

Hiace ya Babu

Mzee wa Spana kasema kweli kabisa na hapo ndipo watu hubishana bure. Sisi tuliokuwa na matatu za Hiace miaka ile, injini za dizeli 3L na 5L, bloku ni chuma kitupu, ikila oili washusha, wachonga, watia slivu na pistoni, gari yarudi barabarani yafanya kazi miaka. Huko hakuna mtu alikuwa anunua injini ya mtumba, wataka kununua dizeli ambayo hujui imebeba nini huko ilikotoka? Kwa dizeli ya zamani mie hata leo nafanya ovahauli nikiwa na fundi wa pampu nimuaminiye.

Lakini nilikuja kupata Noah ya D4, ile 1AZ-FSE. Ikaovahiti, tukafungua hedi, tukaskimu, yaani tukaisawazisha uso, kufunga tu bolti za nyuma zikazunguka bila kukaza, uzi wa bloku umetoka wote. Injini hizo ndio mtindo wao. Waweza kutia uzi mpya wa chuma, wako wanaofanya, mie nikanunua injini kwa sababu nilikuwa nshachoka. Kwa hivyo ukiuliza "ovahauli au mtumba" uliza kwanza injini gani, mtu wa 5L na mtu wa D4 hawawezi kukupa jawabu moja na wote wasema kweli.

nahodha_likoni hiyo ya msiba wa mtu wa mashini nimecheka mpaka nimemwaga chai 😂

Bint Tudor

Ngojeni jamani, mbona mwaisifu injini ya mtumba kama yatoka kiwandani. Mimi nna Fielder, injini ileile 1NZ, na nilinunua hiyo "ya Japani kilomita kidogo" duka moja hapa hapa mjini, jina naliacha. Ikafungwa, ikawaka, tamu kabisa. Mwezi haujaisha yaanza kugonga asubuhi ngrrr ngrrr kama sekunde mbili tatu ikianza kuwaka, kumbe cheni ya taimingi imelegea na ndani ya kifuniko mna tope jeusi la oili iliyoungua. Kurudi dukani naambiwa "dada, mtumba hauna marejesho". Risiti yenyewe imeandikwa "spea" tu, haina namba ya injini, sasa utaenda kushtaki nini?

Kwa hivyo Kapu ukienda kununua enda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Fungua kifuniko cha oili umulike na tochi ya simu: ndani pakiwa rangi ya asali ama kahawia hivi ni sawa, pakiwa na tope jeusi la kubandika ondoka, pakiwa na povu jeupe kama maziwa lala basi maji yameingia, kimbia. Toa plagi zote nne uzipange chini utazame kama zafanana. Tia kidole pale maji yapitia, kwenye mdomo wa themostati, kukiwa na kutu nyingi huyo mwenyewe wa zamani alikuwa atia maji matupu. Zungusha kranki na spana kwa mkono, izunguke bila kukwama. Na hiyo geji ya kompresheni anayosema Mzee wa Spana beba nayo uende nayo dukani, injini ikiwa chini na stata yake na betri yapimika. Muuzaji akikataa kupimwa ashakujibu.

Jengine, wataangalia gari yako wakuletee "1NZ" yoyote. Kuna 1NZ-FXE ambayo ni ya Prius, ile ya haibridi, herufi moja tu lakini ndani ni injini nyengine, usiikubali hata kwa bei ya bure. Na kuna 1NZ-FE zenye kebo ya mafuta na zenye throtoli ya umeme isiyo na kebo. Kama ya Probox yako ni kebo na wameleta ya umeme, menifoldi na throtoli yako ya zamani lazima zihamie, la sivyo kompyuta ya gari na injini hazitaelewana na utashinda kwa mtu wa waya.

Mzee wa Spana

Bint Tudor umenena. Naongeza tu, kwa kuwa gari yake ni manuali na injini nyingi zinazokuja zimetoka kwenye otomatiki, flaiwili na klachi yake azitoe za zamani azihamishe.

karani wa bonde

Hakuna aliyetaja karatasi na hapo ndipo watu waumizwa. Namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku, ile hati ya umiliki wa gari. Ukibadilisha injini, gari yako na logibuku yake zimekuwa watu wawili tofauti, na siku ya kuuza, siku ya inspekshoni ama siku ya ajali bima ikitafuta sababu ya kutolipa, ndio utajua. Lazima upeleke mabadiliko NTSA, wale wa serikali wanaosajili magari, gari ikaguliwe, na utaulizwa injini umeitoa wapi. Kwa hivyo kwa muuzaji dai risiti yenye jina la duka, jina lako, na namba ya injini imeandikwa wazi, pamoja na nakala ya karatasi za forodha za ule mzigo iliyokuja nao. Akisema "karatasi utapata baadaye" hiyo baadaye haiji. Injini isiyo na karatasi yaweza kuwa imetolewa kwenye gari ya mtu Mtwapa juzi.

Na asije mtu akakushauri namba ichongwe igongwe ile ya zamani. Najua wako wanaofanya. Hiyo ni kesi, tena si ya trafiki.

Ovahauli ina raha hii moja ambayo watu hawaihesabu kwenye bei: bloku ni yako, namba ni yako, hakuna ofisi utaingia.

nahodha_likoni

@karani wa bonde hilo la karatasi kweli sikulifikiria, nakubali. Lakini bado wiki ya fundi ni uongo 😅

Kapu la Kongowea

Shukran sana wote, Mungu awalipe. Nimefanya vile Mzee wa Spana alivyosema. Ile valvu ya kupumulia ilikuwa imejaa tope, nikatia mpya, oili ikapungua kuliwa kidogo lakini moshi wa mzigo ukabaki palepale. Nikatafuta fundi wa tatu mwenye geji yake, Changamwe, kijana mdogo lakini ametulia, hakuniuzia kitu. Silinda ya kwanza 170, ya pili 165, ya tatu 115, ya nne 160. Kutia oili ya tatu ikaruka mpaka 155. Akaniangalia hakusema kitu, nami nikaelewa.

Tumefungua hedi. Silinda ya tatu ina mkwaruzo wa kusimama toka juu mpaka katikati, ukipitisha ukucha wakwama. Nyengine zimeng'aa kama kioo, zile alama za msalaba za kiwandani zimefutika, mtu wa mashini ametia kipimo chake juu, katikati na chini asema ya tatu imepita na ya nne ipo mpakani. Slivu nne, kuchonga, pistoni mpya, ringi, beringi, kuskimu hedi, bolti mpya za hedi, gasketi, kazi, jumla imepita 95,000 na hajahesabu wota pampu. Yule wa 58,000 nikimpigia asema "tutie ringi tu zitajikalia".

Nielezeni, ringi mpya kwenye silinda hiyo zajikalia kweli? Na kuna jambo jengine kijana kanionyesha likanitia wasiwasi: themostati haipo kabisa. Imetolewa na mdomo ukafungwa hivyo hivyo. Na radieta nusu imeziba, maji yaliyotoka yana rangi ya chai ya rangi.

Mzee wa Spana

Ringi mpya kwenye silinda iliyoliwa na iliyokwaruzwa hazikai. Ringi ni duara, silinda yako si duara tena na imepanuka juu kuliko chini, ringi itabana hapa itaacha pale. Mwezi wa kwanza utaona afadhali kwa sababu kila kitu ni kipya kipya, kisha moshi utarudi na pesa imeenda. Huyo wa 58,000 msalimie tu.

Sasa hili la themostati ndilo lililoniamsha kuandika usiku huu, maana waweza kununua injini nzuri ya 75,000 ukaiua kwa njia ileile. Mafundi wengi wa pwani wana hii tabia, gari ikipata moto jambo la kwanza themostati inatupwa, "Mombasa kuna joto, ya nini". Themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Japani. Kazi yake ni kuiacha injini ipate moto wa kufanyia kazi kisha ifungue kwenye digrii 82 hivi, na baada ya hapo ichunge joto lisiyumbe. Ukiitoa, maji yazunguka muda wote, njia tupu injini yakimbia baridi, kompyuta yadhani ndiyo kwanza imewashwa yaendelea kumwaga petroli nyingi, petroli yaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zakwaruza chuma kikavu. Kama gari iliovahiti ndipo ikatolewa, hilo halikuwa kosa la themostati, lilikuwa kosa la radieta iliyoziba, na radieta imeziba kwa sababu ya maji.

Maji yetu nanyi mwayajua. Kisima cha Kisauni, cha Majengo, cha Likoni, onja tu. Chumvi ile ndani ya hedi ya aluminiamu yala taratibu, na uchafu wake wajaza tyubu za radieta. Mtu anunua gari milioni na kitu kisha aitia maji ya dumu ya mkokoteni. Tia kulanti, ile iliyochanganywa tayari ama uchanganye na maji yaliyotoneshwa (distilled), si ya mfereji wala kisima. Na kabla injini mpya haijaingia radieta itoke, ifunguliwe isafishwe kabisa ama ununue nyengine, feni ipimwe kama yawaka kwa wakati wake, mfuniko wa radieta ubadilishwe, themostati mpya iingie. Fundi akikuambia si lazima mwambie Mzee wa Spana kasema ni lazima.

Hiace ya Babu

Kwenye matatu tulikuwa twabeba dumu la maji chini ya siti na hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Sai ndio naelewa kwa nini hedi zetu zilikuwa na matundu.

Bint Tudor

Kapu kwa hesabu hiyo mie mwenyewe niliyelia juu ya mtumba nakwambia nunua mtumba. 95,000 kwa bloku ambayo Toyota wenyewe hawaitaki ichongwe, hapana. Lakini chukua wakati wako kuchagua, usimnunulie yule wa "ishawaka". Na usiifunge kama ilivyokuja: ikiwa bado iko chini tia sili ya nyuma ya kranki, wota pampu, gasketi ya kifuniko cha valvu, beliti, plagi, oili na filta. Sili ya nyuma ni pesa kidogo injini ikiwa nje, ikianza kuliki baada ya kufungwa wakushushia giaboksi upya.

karani wa bonde

Na usiuze ile bloku ya zamani mpaka logibuku isome namba mpya. Usiniulize kwa nini, wewe iweke tu.

Kapu la Kongowea

Samahani kwa kimya, nilikuwa mbioni. Nimenunua. Yule wa fundi wa pili alikataa geji, akasema nitamharibia injini 😂 nikamshukuru nikaondoka. Duka jengine mwenyewe ni mzee mmoja mpole, akasema "pima mwanangu, isipofika tuangalie ile ya pembeni". Ya kwanza ilikuwa na silinda moja imeanguka, akaisukuma kando mwenyewe bila kubishana. Ya pili ikasoma 195 mpaka 200 zote nne na ilikuwa baridi, ndani rangi ya asali kama alivyosema Bint Tudor, njia za maji safi. 72,000 baada ya kuvutana, risiti ina namba ya injini, nakala ya karatasi za forodha ninayo, na kaniandikia kwa mkono wiki mbili nikipata tatizo la ndani naibadilisha. Ilikuja na throtoli ya umeme, yangu ni ya kebo, kijana wa Changamwe akahamisha menifoldi yangu, injekta, koili, na waya zangu zote. Flaiwili na klachi pia zangu. Sili ya nyuma mpya, pampu mpya, themostati mpya, na radieta nimenunua nyengine kwa sababu ile ilipofunguliwa tyubu zilikuwa zimejaa kitu kama saruji. Kulanti imeingia, ya kijani.

Jumla kila kitu pamoja na kazi imekaribia laki na kumi, kwa hivyo wale mwaohesabu 75 na 10 mwongeze. Lakini yapanda daraja la Nyali na trei za mayai mpaka darini na gia ya nne, na kijiti hakijashuka. Inspekshoni nshaweka, nangojea siku yao.

Shemeji amekuja kuomba lifti ya Mtwapa.

chali wa Kisauni

Hongera bro. Sasa ile injini ya zamani, hedi ilikuwa nzima ama nayo imeliwa na chumvi? Nna Vitz yataka hedi na alterneta. Niko Kisauni hapa, bei gani?

Kapu la Kongowea

Alterneta nimeihamisha yangu, ile iliyokuja na injini ndiyo nauza, yafanya kazi. Hedi ina vitundu viwili karibu na njia ya maji, sitakuficha, njoo na fundi wako uangalie. Bloku siuzi bado, karani atanipigia kelele.